Cheti cha Nicodème, Kazi ya Clémence

Kuna watu hupewa uongozi kwa sababu wameanguka vizuri. Sisemi kwa mafumbo. Nicodème alipewa umeneja wa duka la Kashojwa kwa sababu, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Mbarara, aliambiwa afumbe macho na ajiachie aanguke chali, wenzake wamdake. Akafumba, akaanguka, akadakwa, akapigiwa makofi. Clémence aliambiwa vivyo hivyo, akakataa. Kazi ikaenda kwa aliyeanguka.

Lakini tuanze na Clémence, maana ndiye aliyelijenga duka lenyewe, na wajenzi siku zote hutajwa mwisho, pale kwenye shukrani, baada ya mpishi wa chai.

Alifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kutoka Fizi ya Kongo akiwa na miaka thelathini na miwili, watoto wawili na hasira za kutosha kijiji. Mwaka wa kwanza aliuza chumvi kwa kijiko, juu ya gunia alilolitandika kando ya barabara ya Kashojwa. Baadaye mafuta kwa kifuniko cha chupa, sabuni kwa kipande, hata ikatimia miaka minane. Alijua nani amejifungua, nani anangoja mgao, nani ana deni la aibu asiloweza kulitaja mbele ya jirani. Upande wa pili wa barabara palikuwa na duka la kweli, lenye bati na rangi, tawi la supermaketi ya Rwakabuba, tajiri wa Mbarara ambaye tumbo lake huingia mlangoni kwanza, yeye baadaye. Duka lilikuwa tupu. Meneja wa kwanza alidumu miezi mitano. Wa pili alidumu miwili: aliwaita wateja "nyinyi wakimbizi" mbele yao, kwa sauti, kisha akashangaa mbona hawarudi.

Siku moja Rwakabuba alisimama katika mlango wa duka lake tupu, akaona foleni ng'ambo, kwenye gunia la Clémence. Akavuka.

"Nyabo, wewe kuja uza ndani," akamwambia. "Duka ikisimama, mimi naandika wewe meneja."

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Duka lilisimama mwaka wa kwanza. Kuandikwa ndiko kulikochelewa. Kwenye karatasi Clémence alikuwa "msaidizi wa meneja", na meneja hakuwepo. Kwa miaka minne mwanamke yule alisaidia hewa.

Mwaniuliza, umeneja una nini hata mtu augombanie? Basi sikilizeni. Mkimbizi ameandikwa kila mahali: kwenye kadi ya mgao, kwenye orodha ya blanketi, kwenye orodha ya wanaongoja orodha. Na kila mahali ameandikwa kama mtu wa kupewa. Clémence alitaka karatasi moja, moja tu, inayosema kuwa yeye ni mtu wa kuamua.

Alikuwa na wafanyakazi watatu. Angeline, Mrundi, alishika mizani. Yvette, Mkongomani wa Kivu kama Clémence mwenyewe, alikaa kauta kupokea pesa. Venuste, Mrundi mrefu mpole, alishika stoo na kuwabebea wazee unga mpaka majumbani. Kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa walikunywa uji nyuma ya stoo, wote wanne, na Clémence aliuliza, "Mumelala je?" Halikuwa swali la salamu. Kama mtoto wa Yvette amekesha na homa, Yvette hakukaa kauta siku hiyo, alibadilishana na Angeline, kwa sababu mama wa mtoto mgonjwa hukosea chenji halafu huitwa mwizi. Mtu akikosea, alipelekwa stoo, kati ya magunia, akaambiwa huko. Mteja hakusikia hata neno moja. Pipa la mafuta likimwagika, waliosha kwa zamu, na zamu ya kwanza ilikuwa ya Clémence mwenyewe. Hakufundishwa na mtu. Alishaongozwa na wajinga wengi, akawa anafanya kinyume chao.

Kisha ikaja semina.

"Kukuza Stadi za Uongozi kwa Timu za Mauzo Zenye Mafanikio." Jina refu kuliko semina yenyewe, iliyokuwa ya siku mbili. Rwakabuba aliwapeleka watu sita, na Clémence akapiga pasi kitenge chake cha kanisani, akapanda gari alfajiri, akafika Mbarara kabla walinzi wa hoteli hawajafungua ukumbi. Mwezeshaji alitoka Kampala, kavaa viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo. Aliuliza, "Kiongozi ni nani?" kisha akajijibu mwenyewe hadi saa sita. Mchana akawagawia tambi mbichi, wajenge mnara.

"Hizi tambi zitapikwa?" Clémence akauliza.

"Hapana, mama. Ni za zoezi."

Pakiti kumi na mbili za tambi. Zilifagiliwa mbele ya macho yake, mwanamke aliyewahi kuuza chumvi kwa kijiko. 

Siku ya pili ndiyo ikawa ya kuanguka.

"Mama, funga macho, anguka nyuma. Wenzako watakudaka."

"Nianguke sababu ya nini?"

"Ili ujifunze kuiamini timu yako."

"Equipe yangu iko Kashojwa. Hawa batu nimebajua jana." Akajifunga kitenge upya. "Mie nilikimbia vita mara mbili, papa, na nilikimbia macho wazi. Leo niyafunge sababu ya chai yenu?"

Ukumbi ulicheka, mwezeshaji akaandika kitu kwenye karatasi. Nilikuja kuambiwa alichoandika: "Hana utayari wa kubadilika." Aliyefuata alikuwa Nicodème, mtu wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akisimamia rafu katika duka la Mbarara. Alizaliwa Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi, akapelekwa shule ya bweni mjini akiwa mdogo, na tangu hapo huitaja Oruchinga kama ugonjwa aliopona. Nicodème alianguka vizuri sana. Alianguka kama gunia lenye shahada.

Baada ya wiki tatu Rwakabuba alimleta Kashojwa. Cheti kilikuja kwenye fremu.

"Huyu ndiyo meneja. Iko na cheti. Wewe Clémence nasaidia yeye."

"Patron, uliniambia duka ikisimama..."

"Nilisema. Sasa imesimama. Sasa nataka mtu ya kutembeza yeye."

Akacheka mwenyewe, akapanda gari lake, akaenda. Yvette akaanza kulia. Clémence akamwambia anyamaze, machozi hayajaingizwa kwenye stoki.

Wiki ya kwanza Nicodème aliua uji wa asubuhi. Mahali pake wafanyakazi waliwekwa mlangoni kwa mstari, wakapiga makofi na kuimba mara tatu, "Mteja ni mfalme!" huku wafalme wenyewe wamebeba madumu vichwani, wakiwatazama kama watu waliorogwa. Wiki ya pili aliua matabishi. Matabishi ni ile nyongeza: ukinunua ndagala, wale dagaa wakavu, unatiwa kiganja kimoja juu, bure. Wakongomani wanaiita hivyo, Warundi wana jina lao, Wanyankore wana lao, na wote watakununia usipowapa. Nicodème aliiita hasara. Wiki ya tatu alimkaripia Yvette mbele ya foleni ya watu kumi na tano kwa sababu hakutabasamu, na Angeline akapewa karatasi yenye sentensi za kuwaambia wateja, asiongeze neno lake.

Kisha akaamua duka liwe na Mfanyakazi Bora wa Mwezi.

Alimchagua Venuste, kwa kuwa ndiye aliyezoea kunyamaza. Picha ya kitambulisho ilikuzwa Mbarara hadi ukubwa wa sinia: Venuste amekaza uso, kifungo cha shati kimefungwa mpaka kooni. Fremu nyeusi inayong'aa. Jumatatu alasiri Nicodème aliweka meza mlangoni, akaitandika kitambaa cheupe, akasimamisha picha, akaweka maua ya plastiki kulia na kushoto. Mbele yake akaweka daftari na kalamu, wateja waandike maoni. Pembeni sanduku lenye tundu, kwa maoni ya siri. Na kwa sababu mvua za wiki ile zilikuwa zimeinyima sola jua na mlango ulikuwa na giza, akawasha mshumaa.

Clémence alitoka stoo, akaiona ile meza, akasimama.

"Nicodème, toa hii kitu."

"Bi Clémence, hii ni motisha."

"Hii ni kilio. Fasi yetu, photo kubwa hivi, na maua, na mushumaa, na kitabu cha kuandika, tunaweka ya mutu amekufa. Batu bataliya hapa kesho."

"Mbarara tumeweka. Hakuna aliyelia."

"Mbarara! Uliza mama yako wa Oruchinga."

Hapo alimgusa pabaya. Nicodème alivuta makabrasha yake ya semina, akatafuta ukurasa. "Tulifundishwa juu ya watu kama wewe. Kila timu ina mpinga mabadiliko. Dawa yake ni kumpuuza."

"Sawa," Clémence akasema. "Nipuuze."

Akachukua mwavuli wake, akaenda nyumbani. Ile hasira njiani ilikuwa tamu, sitaficha. Aliiona kesho yote jinsi itakavyokuwa, akauona uso wa Nicodème katikati yake, na hakumwambia mtu yeyote.

Jumanne kulipokucha Venuste hakuwepo; alikuwa ameondoka na lori jana yake adhuhuri, kabla ya meza kuwekwa, kwenda Mbarara kuleta bidhaa. Mteja wa kwanza alikuwa mama aliyefuata sabuni. Alifika mlangoni, akaona meza, akaweka beseni chini, kiganja mdomoni.

"Yoo! Ilikuwa lini?"

Angeline akageuka. Nyuma yake Nicodème amesimama, anaonyesha karatasi kwa kidole. Maskini Angeline akasoma: "Huyu ni Venuste. Alitutumikia kwa bidii na upendo. Tutaendelea kufuata mfano wake."

Mama akapiga magoti. Alipoinuka aliandika kwenye daftari mistari miwili, akatia sarafu kwenye sanduku la maoni, akaenda kuwaambia wengine. Saa tatu mikeka ilikuwa imetandikwa mpaka barabarani. Wanaume walileta mabenchi, mmoja akaja na karata. Katekista wa Warundi alianzisha rozari upande wa kushoto. Kwaya ya walokole wa Kivu ikafika upande wa kulia, na kwa nusu saa pande mbili zile zilishindana kumfikisha Venuste mbinguni. Wanawake walikuja kauta kununua sukari na majani ya chai ya waombolezaji.

Nicodème alikuwa anang'aa. "Mnaona ushirikiano? Mnaona daftari? Wanaandika!"

Hakuwa amelisoma. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Pumzika, Venuste. Nani atanibebea unga sasa?"

Clémence alipima sukari, akingoja. Alitaka Nicodème ajue mwenyewe. Alitaka ajue mbele ya watu, kama Yvette alivyokaripiwa mbele ya watu.

Badala yake akaja Larissa, mke wa Venuste.

Alikuwa shambani bondeni. Alikuja pekupeku, tope mpaka magotini, wanawake wawili wamemshika mikono, wa tatu amebeba jembe lake. Alipoiona ile picha, akajitupa chini matopeni. "Venuste wanje! Venuste wangu! Mmeniambia wa mwisho! Mke wake ndiye wa mwisho!"

Utamu wote uliisha hapo. Nyumba ya Larissa ni mwendo wa dakika ishirini kutoka dukani. Clémence alijua tangu jana. Mtu mmoja, neno moja, lingetosha. Alikuwa amewasha moto ili Nicodème aungue, na aliyekuwa akiungua ni mwanamke huyu chini. Aliruka kauta na miaka yake arobaini na minne, kilo ya sukari ikamwagika.

"Larissa! Nisikie! Iko muzima! Iko mu lori, anakuya na vitu!"

"Clémence amepatwa na kichaa," mtu akasema kwa huruma. "Walipendana kazini. Mshikeni."

Wakamshika kweli. Alipiga kelele kuwa Venuste ni mzima, nao wakamwambia ndiyo, mama, kwa Mungu wote ni wazima, kunywa maji.

Lori lilifika saa sita kasoro. Venuste aliteremka, akaona msiba, akavua kofia kwa heshima. Akapiga hatua mbili tatu kuuliza ni nani aliyekufa, ndipo akajiona kwenye fremu. Nusu ya watu walikimbia. Bibi mmoja aliendelea kulia kwa kuwa alikuwa ameshaanza. Larissa alimrukia mumewe, akamkumbatia, kisha akampiga ngumi za kifua, moja baada ya nyingine, kana kwamba yeye ndiye aliyejitundika pale.

Na upande wa pili wa lori mlango ukafunguka, likatangulia lile tumbo. Rwakabuba alitazama barabara iliyojaa watu, akatazama rafu za sukari zilizokuwa tupu, akafungua mikono.

"Nicodème! Watu mingi hivi! Sasa hii ndiyo uongozi!"

Sikilizeni alichojibu. Mwanamke yuko matopeni, amevuliwa ujane dakika ile ile, na yule mtu akanyoosha tai: "Asante, mkuu. Ni mkakati wa kushirikisha jamii."

Jamii ilisikia. Kwaya ikanyamaza, rozari ikanyamaza. Mzee aliyeleta benchi kubwa kuliko yote akasimama.

"Nani mukubwa wa hii duka? Asimame tumuone. Tumelia bure, bibi ya Venuste amekufa mara mbili hapa. Nani mukubwa?"

Nicodème akakumbuka kazi stoo, akaingia, akafunga mlango.

"Rudi nyumbani, biashara naendelea," Rwakabuba akasema, akitabasamu. Hakuna aliyetikisika. Watu wale wamefukuzwa na majeshi. Tumbo moja lisingewaondoa. "Hapa hatununue tena hata kibiriti!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakaitikia. Tabasamu la Rwakabuba likashuka. Macho yote yakamwendea Clémence, kama yalivyozoea.

"Clémence, sema na watu yako."

"Mie?" Alijinasua mikononi mwa waliomshika. "Niko musaidizi, patron. Meneja iko mu stoo, amejificha nyuma ya bunga. Umuite."

"Banange, nyabo, sema tu!"

"Andika."

"Andika nini?"

"Unajua."

Alijua. Alichana karatasi kwenye shajara yake, akaandika juu ya boneti ya lori, akampa. Clémence akasoma. "Kaimu meneja. Kaimu ya nani? Ya huyu wa stoo?" Akairudisha. Ya pili ilisema meneja, kwa miezi mitatu ya majaribio. Sasa Yvette alikuwa anazisoma kwa sauti, na benchi zote zinasikiliza.

"Majaribio nilifanya miaka ine," Clémence akasema. "Ulikuwa unajaribu nini, kama nitakufa?"

"Mama, cheti wewe hapana..."

"Cheti iko mu stoo, imefunga mulango."

Watu walicheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha. Karatasi ya tatu iliandikwa neno moja mbele ya jina lake, Meneja, na sahihi. Clémence akasubiri bado. Rwakabuba akavuta pumzi, akatoa mhuri mfukoni, maana hakuna tajiri wa Mbarara anayetembea bila mhuri, akagonga.

Alidhani sasa ataambiwa asante. Clémence alikunja karatasi, akaitia kifuani, akawapita wote, akachuchumaa mbele ya Larissa.

"Larissa, mie njo meneja wa hii duka. Ile photo iliwekwa na mutu wa duka. Lakini nilijua tangu jana mutalia. Ningetuma mutu kwako. Sikutuma, sababu nilitaka Nicodème aone haya. Kosa ni yangu. Nisamehe."

"Usiseme kosa!" Rwakabuba alinong'ona kwa ukali. "Meneja hapana sema kosa!"

Larissa alimtazama mwanamke yule, pua inachuruzika, kiganja bado kimeshika shati la mumewe.

"Na mimi nilidhani wewe ndiye mwenye akili kati yao," akasema. Akainuka, akamvuta Venuste, wakaenda.

"Venuste, kesho usikuye kazi!" Clémence akawaitia. "Na kesho kutwa!" 

Sanduku la maoni lilivunjwa kwa nyundo, kila mtu akataja alichotia, akarudishiwa kwa neno lake tu, na hakukuwa na ugomvi. Nicodème alirudi Mbarara na lori lile lile. Nasikia sasa naye ni mwezeshaji. Ana somo zima juu ya Kashojwa, jinsi alivyolijaza duka watu kwa asubuhi moja, na washiriki wanaandika. Hakuna anayeuliza walikuja kufanya nini.

Jumamosi Clémence alimwachia Yvette duka, akaenda bondeni kwa Larissa. Angeline alitaka kumsindikiza, akakatazwa. Clémence alikaa huko mpaka jua lilipopungua, wawili wakipalilia mistari tofauti ya maharagwe, na waliomwona wanasema jembe alipewa na Larissa mwenyewe.